Kiingereza Kinachofanya Kazi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu, na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Kwanza kabisa napenda kumshukuru Ndugu Mwenyekiti na Kamati yake kwa heshima waliyonipa ya kusema nanyi leo. Waliponiandikia walinitaka nizungumze juu ya jambo lolote linaloweza kuwafaa vijana wanaokaribia kuondoka shuleni. Nimechagua uandishi wa Kiingereza. Mimi si bingwa wa lugha. Ni mtumishi wa Serikali ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma majalada na kuyajibu, na katika kazi hiyo nimeona, mwaka baada ya mwaka, jinsi watu wanavyoumia kwa sababu ya maandishi yasiyoeleweka.

Kabla sijaendelea niondoe wasiwasi wa wale watakaodhani nimekuja kukipigia debe Kiingereza. Kiswahili ndiyo lugha ya Taifa letu. Mwaka 2019 nchi za SADC zilikipokea kuwa mojawapo ya lugha zao rasmi. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Na mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ulikipokea. Barua kati ya ofisi zetu wenyewe huandikwa kwa Kiswahili, na ndivyo inavyopasa. Lakini vitabu vingi mnavyosomea hapa ni vya Kiingereza. Mitihani yenu karibu yote ni ya Kiingereza. Maombi ya nafasi za masomo nchi za nje, mikataba na makampuni ya kigeni, na taarifa nyingi za wataalamu, vyote huandikwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo Kiingereza kwetu ni chombo cha kazi, kama jembe au bisibisi. Hakuna anayejivunia bisibisi. Lakini fundi asiyejua kuishika ataharibu skrubu, na mwenye mali ndiye atakayepata hasara.

GHARAMA YA BARUA ISIYOELEWEKA

Vijana mnaweza kufikiri kwamba barua mbaya humpatia mwandishi wake aibu tu. Ingekuwa hivyo, nisingewapotezea muda. Ukweli ni kwamba gharama yake hulipwa na mtu mwingine ambaye hata hakuiona.

Barua isipoeleweka, mkubwa anayeipokea hapigi kelele. Anaandika pembeni neno moja, "Fafanua", kisha jalada linarudi masijala. Kutoka masijala linakwenda kwa afisa aliyeandika. Yeye yuko safarini. Akirudi anaandika tena, jalada linapanda juu tena, na pengine linateremka tena. Wiki tatu zimekwisha, na hakuna mtu yeyote aliyefanya uvivu wala hila. Wakati huo wote mwenye shida yuko kijijini akingoja, naye akiulizwa kwa nini hajajibiwa atasema, "Serikali imetusahau." Serikali haikumsahau. Iliandikiwa jambo ambalo haikulielewa.

Nilipata pia kuona maombi ya kijana mmoja aliyetaka nafasi ya masomo ya juu. Aliandika kurasa mbili za Kiingereza kizito. Alieleza unyenyekevu wake, shauku yake, na heshima yake kubwa kwa chuo kile. Lakini katika kurasa zote mbili hakutaja anataka kusoma nini hasa, wala akirudi nyumbani atafanya kazi gani. Alama zake za mtihani zilikuwa nzuri kuliko za wengi. Waliokuwa wakichagua walikuwa na rundo zima la barua mezani, nao hawakuwa na nafasi ya kumwita wamuulize. Nafasi ile ilikwenda kwa mwingine.

MFANO MMOJA

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina ambayo kila mtu aliyefanya kazi ofisini ameiona. Pampu ya maji ya kijiji imeharibika, na afisa anatakiwa kuliandikia shirika la nje lililoijenga. Anaandika hivi:

"With reference to the above captioned subject, it is hereby brought to your attention that the utilisation of the water facility has been adversely affected owing to the non-availability of requisite spare parts, and it will be highly appreciated if necessary action is undertaken at your earliest convenience."

Hapo pana maneno 48, na sarufi yake haina kosa. Mwalimu wa Kiingereza hataona mahali pa kuweka kalamu nyekundu. Lakini jiulizeni: Ni kitu gani kimeharibika? Tangu lini? Vinatakiwa vipuri gani? Nani afanye nini, na lini? Sentensi nzima haijibu hata swali moja. Sasa sikilizeni barua ya pili:

"The village hand pump stopped working on 3 March. It needs a new rod and two seals. Please send a mechanic with these parts by 20 March. Until then the villagers are drinking river water."

Maneno haya ni 35, na hakuna hata moja ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Pili akifunguliwa kamusi atashindwa kulielewa. Barua hii inataja kitu, tarehe, vipuri, mtu anayetakiwa na siku ya mwisho. Sentensi ya mwisho inaeleza kwa nini jambo lisingoje. Anayeipokea anaweza kuchukua simu papo hapo akampigia fundi.

Tofauti ya barua hizi mbili haiko katika Kiingereza. Mwandishi wa kwanza alikaa chini kuandika kabla ya kujua anataka kusema nini. Wa pili alikwisha kwenda kisimani, akauliza, akahesabu vipuri, ndipo akashika kalamu. Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka mwondoke nalo leo: Kiingereza kizuri huanza kabla ya Kiingereza. Huanza pale unapojua unamwandikia nani, na unataka afanye nini.

MANENO MAKUBWA YALITOKA WAPI?

Wengi wetu tulidhani kwamba maneno makubwa ndiyo elimu. Tusijilaumu mno. Ofisi zetu zilirithi mtindo wa barua kutoka enzi ya utawala wa Waingereza, wakati afisa alipoianza barua yake kwa "I have the honour to", na kuimaliza kwa kujitaja kuwa mtumishi mtiifu wa yule anayeandikiwa. Mtindo huo umeingia hata katika Kiswahili chetu. Mtu anayeanza barua yake kwa "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu" anasema Kiingereza cha zamani kilichovishwa kanzu.

Cha ajabu ni kwamba wenyewe waliuchoka mtindo huo zamani. Tarehe 9 Agosti 1940, vita vikiwa vimepamba moto, Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, aliwaandikia mawaziri na maafisa wake akiwataka wafupishe taarifa zao, waeleze mambo makuu kwa aya fupi, na takwimu ndefu waziweke katika viambatisho. Vita vilipokwisha, Hazina ya Uingereza ilimwomba Sir Ernest Gowers, aliyekuwa mtumishi wa Serikali kwa miaka mingi, aandike mwongozo kwa watumishi wenzake. Kitabu chake, "Plain Words", kilitoka mwaka 1948, na mwaka 1954 kikatolewa kilichokamilika zaidi, "The Complete Plain Words". Mafundisho yake makubwa ni haya: mwandishi wa ofisi ajiweke mahali pa msomaji wake, na atumie neno la kawaida kila linapotosha. Huko Marekani nako, mwaka 2010, ilipitishwa sheria inayozitaka idara za Serikali kuu kuwaandikia wananchi kwa lugha iliyo wazi.

Basi kama wenye lugha wameutupa mzigo huo, sisi tunaubeba kwa faida ya nani?

MAHALI TUNAPOTELEZA

Hata hivyo, kusema kwamba fikra huja kwanza si kusema kwamba sarufi haina maana. Yapo mahali ambapo sisi tuliokulia katika Kiswahili huteleza, nayo yanajulikana. Hayatokani na ujinga, bali hutokea kwa sababu lugha hizi mbili hazigawi mambo kwa namna moja. Nitataja manne.

La kwanza ni "he" na "she". Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi, "a" inatosha. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika katika taarifa ya ajali, "The driver knocked down a woman and he was taken to hospital", akiwa na maana kwamba mwanamke ndiye aliyepelekwa hospitali. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba dereva ndiye aliyelazwa. Katika insha ya darasani hilo ni kosa la alama moja. Katika jalada la bima linaweza kumnyima mtu haki yake. Dawa yake ni rahisi: ukimaliza kuandika, pitia kila "he" na kila "she", ujiulize ni nani huyo. Ukiona shaka, mtaje kwa jina.

La pili ni "a" na "the". Tukisema kwa Kiswahili "Peleka taarifa kwa kamati", hatulazimiki kusema kama ni kamati yoyote au ile inayojulikana. Kiingereza kinatulazimisha. "A committee" ni kamati ambayo msomaji hajaijua bado. "The committee" ni ile iliyokwisha kutajwa, au ambayo yeye na wewe mnaijua. Ukiandika "The officer will visit the school" wakati hukutaja afisa wala shule, msomaji atarudi nyuma kutafuta mahali ulipowataja. Hatawaona.

La tatu ni nyakati. Kwa Kiswahili mtu husema "Amefika jana", na hakuna anayeshangaa. Kiingereza hakikubali "He has arrived yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha, kama vile jana, mwaka jana au mwaka 1998, ni lazima useme "He arrived". Kumbukeni: ukitaja lini jambo lilipotokea, "has" na "have" hutoka.

La nne ndilo hatari zaidi kwa mtu anayefanya kazi ya mikataba. "The contractor may repair the road" na "The contractor shall repair the road" ni mbali kama mbingu na ardhi. Ya kwanza inampa mkandarasi ruhusa. Akitaka atatengeneza, asipotaka ataiacha. Ya pili inamfunga. Kwa Kiswahili tukisema "Mkandarasi atatengeneza barabara", sauti inaweza kuwa ya ahadi, ya amri au ya matumaini, na tunaelewana kwa kutazamana usoni. Karatasi haina uso. Mkigombana miaka miwili baadaye, hakimu atasoma neno moja tu lililoandikwa pale.

JINSI YA KUJIFUNZA

Sasa mtaniuliza: Tufanyeje? Sina dawa ya siku moja, lakini ninazo njia ambazo kijana asiye na fedha anaweza kuzifuata hapa hapa bwenini.

Kwanza, kabla hujaandika, sema jambo lako kwa Kiswahili kwa sentensi moja, kana kwamba unamweleza mama yako. Kama huwezi, basi bado hujalijua, na Kiingereza hakitakusaidia. Ukishaweza, ligeuze kwa maneno ya Kiingereza uliyo na hakika nayo.

Pili, soma kila siku, hata ukurasa mmoja, na usome kwa sauti. Sikio hukamata kosa ambalo jicho limelipita. Mkitaka riwaya, anzeni na "Things Fall Apart" ya Chinua Achebe, iliyotolewa mwaka 1958. Mtaona jinsi Mwafrika alivyosimulia mambo mazito ya watu wake kwa sentensi fupi zisizo na madoido.

Tatu, jengeni upya maandishi ya wengine. Njia hii ni ya Benjamin Franklin, aliyezaliwa Boston mwaka 1706. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10, na akiwa na miaka 12 akawekwa kwa kaka yake kujifunza kazi ya kupiga chapa. Baba yake alipomwonyesha kwamba maandishi yake hayana mpango wala uwazi, alipata kitabu cha makala za gazeti la "Spectator" la London. Alichukua makala moja, akaandika vidokezo vifupi vya maana ya kila sentensi, akaviweka kando siku chache. Kisha akajaribu kuijenga makala ile upya bila kutazama kitabu. Alipomaliza alilinganisha yake na ya mwenyewe, akaona alipokosea, akasahihisha. Kazi hiyo aliifanya usiku baada ya kazi, alfajiri kabla ya kazi, na siku za Jumapili. Mwaka 1776 kijana huyo wa kiwandani, sasa akiwa mzee, alikuwa mmoja wa watu watano walioteuliwa kutayarisha Azimio la Uhuru wa Marekani.

Sisi tuna nafasi nzuri kuliko yake, kwa sababu tuna lugha mbili. Chukua aya moja ya Kiingereza kizuri. Itafsiri kwa Kiswahili. Iweke wiki moja. Kisha irudishe katika Kiingereza bila kutazama ya kwanza, halafu linganisha. Roger Ascham, aliyekuwa mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alieleza njia kama hii ya kujifunza Kilatini katika kitabu kilichotolewa mwaka 1570.

Na tusisahau kielelezo chetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alizaliwa akisema Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Akapita Tabora na Makerere, na mwaka 1952 akapata shahada yake Edinburgh. Tafsiri yake ya "Julius Caesar" ya Shakespeare ilitolewa mwaka 1963, na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, wakati alikuwa akiongoza nchi. Mtu anayetafsiri hawezi kuruka neno asilolielewa. Ni lazima alishike, aligeuze, aone limebeba nini.

Nne, ukimaliza kuandika, acha maandishi yalale usiku mmoja. Asubuhi yasome kana kwamba yameandikwa na adui yako. Ukikuta "utilisation", andika "use". Ukikuta "at this point in time", andika "now". Ukikuta sentensi inayozidi mistari mitatu, ikate. Neno lisilofanya kazi lifutwe, hata kama ulilitafuta kwa jasho.

KUHUSU MASHINE

Najua kuna kijana anayesema moyoni: ya nini taabu yote hii, wakati simu yenye akili mnemba inaweza kuniandikia barua kwa dakika moja? Siidharau mashine hiyo. Itakusahihishia "he" na "she", na itaweka koma mahali pake. Lakini mashine haikwenda kisimani. Haijui kwamba pampu ilisimama tarehe 3 Machi, wala kwamba zinatakiwa sili mbili. Ukiiomba barua bila kuipa mambo hayo, inaweza kukupa maneno 48 ya kupendeza yasiyosema kitu. Na ikiandika "may" mahali pa "shall", ni nani atakayeona? Anayeweza kuitumia vizuri ni yule ambaye angeweza kuandika bila yake.

PENDEKEZO LANGU

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa jambo linalotuhusu sisi wakubwa. Hakuna mtu anayejifunza kuandika bila kusomwa. Na hapo ndipo walimu wetu wanapozidiwa. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 akitoa insha ya ukurasa mmoja, na akaisoma kila moja kwa dakika 10, anahitaji saa 10 kwa insha hiyo moja ya darasa hilo moja. Naye ana madarasa mengine. Tusimlaumu anapotoa insha mbili tu kwa muhula.

Napendekeza kwamba kila mwanafunzi wa zamani anayeweza achukue kijana mmoja, chini ya uangalizi wa mwalimu wa Kiingereza. Mara moja kwa mwezi kijana huyo aandike ukurasa mmoja wa Kiingereza juu ya jambo la kweli alilolichunguza mwenyewe: maji ya bweni, mavuno ya shamba la shule, hesabu ya vitabu vya maktaba. Mkubwa wake ausome, aweke alama kila mahali asipoelewa, na aurudishe kabla ya wiki kwisha. Si lazima awe bingwa wa sarufi. Sarufi mwalimu ataitazama. Kazi ya mkubwa ni kuuliza maswali ya msomaji: Nani? Lini? Unataka nifanye nini? Na asimcheke mwenzake. Wengi wetu tulitoka shule za msingi tukiwa tumesoma kila somo kwa Kiswahili, tukaamka Kidato cha Kwanza vitabu vyote vimegeuka. Tunajua kicheko kilivyoziba midomo ya vijana wenye akili.

Tuko hapa leo zaidi ya watu wa kutosha kuanza na Kidato cha Tano. Naiomba Kamati ifungue daftari la majina kabla hatujaenda kula, na jina langu liwe la kwanza.